Mbegu ya Vifundo Vitatu

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko siku niliyoolewa, na aliyenioa alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Siku hiyo nilisema maneno matatu tu. Hayakuwa matusi wala laana, na hayakumuudhi mtu yeyote aliyekuwapo. Shangazi yangu hata yalimfurahisha. Lakini maneno hayo yaliua mbegu iliyokuwa ikipandwa kwenye delta hii tangu kabla ya bibi wa bibi yake, na mimi ndiye niliyekuwa nimetumwa kuitunza.

Sikuwa na nia ya kukusimulia habari hii. Hapa Kibiti wananiita Bibi Shamba. Wananijua kwa ile picha iliyotundikwa ofisini, nimevaa koti jeupe, msichana wa kwanza kutoka visiwani kusomea mbegu. Wengine wananijua kwa vitabu vyangu vya Kindengereko, ambavyo hununuliwa na wageni na kuliwa na mchwa. Hayo unayajua na wewe, maana umekulia nyumba hii, na nilitaka ubaki nayo hayo hayo.

Sasa juzi mmekuja wewe na wenzako wa mradi, mkitokea Mahege, mkatua hapa barazani vibuyu vya mbegu ya kunde mlivyopewa na mama mmoja wa huko. Vingine vimezibwa kwa gunzi la hindi, vingine kwa kitambaa, kimoja kwa nta ya nyuki. Kijana mwenzako akakuuliza mbona havikuzibwa namna moja. Ukacheka, ukamjibu, "Aah, ni kuziba tu. Wazee wanaziba kwa chochote."

Mimi nilikuwa ndani nachambua mchele. Nikauweka ungo chini. Nimekaa siku mbili nikijiuliza nikwambie au nife nalo. Nimeona nikwambie, kwa sababu vile vibuyu bado viko pale pembeni na kesho mnataka kuvipeleka stoo.

Kaa basi. Hiyo simu igeuze uso chini.

Mimi kisiwani nilizaliwa tu, sikukulia. Nilipotimiza miaka saba baba alinipeleka Mohoro kwa mdogo wake nikasome, na kutoka Mohoro nikaenda bweni, na kutoka bweni nikaenda chuo cha kilimo. Kwetu nilikuwa nakwenda likizo, nakula samaki wabichi, nachezeshwa ngoma, narudi. Lakini mtu akiniuliza natoka wapi, nilikuwa nataja kisiwa kwa kinywa kipana kama mwenye hati yake. Nilikuwa mgeni kwetu, mwanangu. Na hakuna mgeni mbaya kama mgeni wa kwao, maana haulizi njia.

Nilipoajiriwa kwenye kituo cha utafiti, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukusanya mpunga wa kienyeji wa delta. Tulitakiwa tuuchukue kwa wakulima, tuusafishe, tuondoe takataka na punje mbovu, tuzirudishe mbegu zikiwa bora kuliko tulivyozikuta. Kazi njema kabisa. Nilipewa na mkubwa wangu kazini, Bwana Kasian, mtu wa bara, mrefu, mpole, mwenye tabia moja iliyoniudhi: alikuwa anauliza kila kitu. Tukipita kijito anauliza jina lake. Akiona mti wa mkoko anauliza huu na ule inatofautianaje. Watu kule Nyamisati, tulipokuwa tunasubiri boti, walimcheka, na mimi nikacheka nao. Nikamwona mshamba. Mimi sikuuliza hata kitu kimoja safari nzima.

Tukafika kwa shangazi yangu Mwanahawa. Huyo alikuwa dada mkubwa wa baba, mwanamke mkavu, mwenye maneno machache, na kisiwa kizima kilikuwa kinaweka mbegu kwake. Ukiingia jikoni mwake, juu ya mafiga kulikuwa na uchaga, na kwenye uchaga vicha vya masuke ya mpunga vimening'inia, vyeusi kwa moshi. Moshi ule ndio unaofukuza wadudu, hilo nililijua, na nikamweleza Bwana Kasian kwa Kiingereza ili aone nimesoma.

Kila kicha kilifungwa kwa uchane wa ukindu, na kila uchane ulikuwa na vifundo. Kimoja, au viwili, au vitatu. Bwana Kasian aliinua kichwa, akavitazama kwa muda, akaanza kuvigusa kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu.

"Dada, hivi vifundo ni vya nini? Naona havilingani."

Mwanangu, nataka uelewe nilivyokuwa wakati ule. Nilikuwa nimevaa gauni jipya. Nimesimama jikoni kwetu, mbele ya mkubwa wangu, na mlangoni amesimama shangazi yangu na nyuma yake wanawake wawili wa jirani. Na mimi sikujua. Niliviona vile vifundo, nikahisi moyoni kwamba si bure, kwa sababu hakuna mwanamke anayejisumbua kufunga vifundo vitatu mahali ambapo kimoja kinatosha. Nilitaka kugeuka nimuulize shangazi. Ni kugeuza shingo tu. Nikaona haya. Nitamuulizaje kitu cha jikoni kwetu mbele ya mtu wa bara niliyemwambia mimi ndiye mwenyeji?

Nikasema, "Ni urembo tu."

Bwana Kasian akaandika kwenye daftari lake. Nilipomtazama shangazi, alikuwa anatabasamu. Nakwambia kweli, sikuwahi kumwona akitabasamu vile, na sikumwona tena. Akaingia, akapanda kwenye kigoda, akaanza kushusha vicha. Akashusha vyote. Hata vile vilivyofichwa nyuma, kwenye kona ya uchaga, ambavyo wale majirani walipoviona walitazamana. Akaniwekea mikononi mwangu mimi, siyo mikononi mwa Bwana Kasian.

"Chukua, mwanangu," akasema. "Mbegu sasa imo mikononi mwako."

Nilidhani anaiheshimu elimu yangu. Niliondoka kisiwani nimevimba kichwa, nikakaa mbele kabisa ya boti ili upepo unipige.

Kituoni nililaza vicha vile kwenye veranda, nikachukua mkasi, nikakata ukindu wote. Chane zote nikazifagia, nikazitupa kwenye shimo la taka, zikachomwa pamoja na majani makavu. Mpunga nikaupura pamoja, nikaupepeta pamoja, nikauanika pamoja. Bwana Kasian alipita akasimama.

"Unachanganya vyote? Una hakika ni aina moja?"

"Bwana Kasian," nikamjibu, "mimi ni wa kule. Nimewauliza jina, wote wamesema ni mpunga tu."

Hilo la jina lilikuwa kweli. Niliwauliza wanawake watano na wote walijibu "mpunga," wakaangalia pembeni. Sikujiuliza kwa nini waangalie pembeni. Waswahili wanasema ulimi hauna mfupa, na wangu siku hizo haukuwa hata na gegedu.

Mvua zilipokaribia tukarudisha mbegu. Zilikuwa safi, zinang'aa, huoni jiwe wala punje iliyovunjika. Zilijaa magunia matatu. Matatu kwa sababu mawili yasingetosha, hakuna sababu nyingine. Wanawake walipiga vigelegele pale gatini. Shangazi alikuja mwisho, akayatazama yale magunia, akayagusa kwa kidole moja baada ya jingine, halafu akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Lipi la kule pembeni?"

Sikuelewa. Pembeni ya wapi? Hiyo ilikuwa mara ya pili Mwenyezi Mungu ananifungulia mlango, mwanangu. Ningesema, "Shangazi, sijakuelewa," wala hakuna aliyekuwa karibu kunicheka. Lakini uwongo wa kwanza haulali peke yake, hutafuta mwenzake. Nikanyoosha kidole kwenye gunia lililokuwa karibu nami.

"Hili hapa."

Akaitikia kwa kichwa, akaita watu walibebe kwa uangalifu.

Mwaka ule mto ulikuja mwembamba. Mvua za huko juu hazikuwa na nguvu, maji matamu yakachelewa, na bahari haina subira, ukiiachia nafasi inaingia. Ilipofika bamvua ya kwanza, bahari inapojaa kupita kiasi mwezi ukiwa mpevu, maji ya chumvi yalipanda kwenye mashamba ya pembeni, yale yanayopakana na mikoko. Ya pili yakafika katikati. Mpunga ulianza kuwa mwekundu kwenye ncha, halafu ukakauka umesimama. Habari zilinifikia kituoni kwa mdomo wa mwendesha boti. Alisema, "Bibi Shamba, shangazi yako anakuita," na hakunitazama usoni.

Nilimkuta juu ya dungu. Kama hujawahi kuliona, dungu ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, mtu analala humo miezi mitatu kuamia ndege na kuwatisha nguruwe. Chini yake shamba lote lilikuwa na rangi ya kutu. Nikapanda ngazi. Shikamoo yangu aliiitikia, maana hakuwa mtu wa kuacha adabu hata kwa adui.

"Vile vifundo," akasema, "ni nani alikwambia ni urembo?"

Akaniambia yeye. Kifundo kimoja ni mpunga uliovunwa karibu na mto, usioijua chumvi. Viwili ni wa katikati, unaionja ukavumilia. Vitatu ni wa pembeni kwenye mikoko, unaofunikwa na bamvua na kesho yake unasimama. Huo wa vitatu ndio uliokuwa unakiokoa kisiwa miaka ya mto mwembamba. Kila mwanamke huvuna masuke yaliyosimama pale pale chumvi ilipofika, hufunga vifundo vitatu, huyatundika kwenye uchaga. Na hautajwi. Haupewi jina lake wala hausifiwi, kwa sababu kwao bahari ina wivu, ikisikia kuna kitu kinaishinda itakifuata. Ndiyo maana wote walisema "mpunga tu" na kuangalia pembeni.

"Yule bwana wa bara alipouliza," shangazi akasema, "na weye ukamjibu ni urembo tu, miye moyo wangu ulijaa. Nikasema, huyu kasoma kote huko na bado anaijua miiko, anamficha mgeni. Ndipo nikakupa yote." Akageuka akanitazama. "Nilidhani unaficha. Kumbe hujui."

Mwanangu, mimi nimezika mume na mtoto mmoja. Nimesikia maneno mengi mazito. Hayo ndiyo yaliyo mazito kuliko yote.

Nikalia, nikaomba radhi, nikasema nitafanya hivi na vile. Akaninyamazisha kwa mkono. "Machozi nayo ni chumvi," akasema. "Shuka utazame vizuri."

Nikashuka. Na kweli, ukitembea polepole katikati ya ile kutu, huku na kule ulikuwa unaona shina moja la kijani. Ndio mpunga wa vifundo vitatu, umetawanyika shamba zima kwa ujinga wangu, shina moja hapa, jingine hatua mia mbele. Tulipita wote wawili siku nzima tukayatia alama kwa vijiti. Kwa wengine hayakubaki, maana nguruwe walikuwa wametangulia. Kwa shangazi yalikuwa mashina kumi na saba. Mashina kumi na saba yakikomaa ni kicha kimoja cha kwanza, na kicha ni mwanzo. Nikaomba ruhusa kituoni, nikahamia dunguni.

Tulikaa pale majuma matano. Ndege wakikosa shamba zima la kula, wote wanashukia yale machache yaliyosimama, kwa hiyo tulikuwa tunapokezana kombeo na debe tangu alfajiri hadi magharibi. Kwa mbali tuliona mitumbwi ikipita imebeba masufuria, vitanda, kuku na watoto. Watu walikuwa wanahama. Wengine walikwenda Nyamisati kukata boriti, wengine wakapanda hadi Mahege. Kila mtumbwi ukipita shangazi alitaja nani yumo, na mimi kila jina lilinichoma. Wengine walinipungia mkono. Wao hawakujua, na shangazi hakuwaambia kamwe. Mpaka leo watoto wa watu wale wananiamkia kwa heshima sokoni, nami napokea heshima nisiyostahili na kurudi nayo nyumbani.

Masuke yalipoanza kuinama, bado siku kumi au kumi na mbili yawe ya kuvuna, shangazi akashikwa na homa. Siku ya kwanza alisema ni baridi. Siku ya tatu hakuweza kushika debe, na asubuhi ya nne aliniita kwa jina la mama yake. Hapo kisiwani upande wetu hapakuwa na mtu aliyebaki wa kumwachia mgonjwa, wala wa kumwachia shamba.

Nikamwambia, "Nakupeleka zahanati Nyamisati."

Akili ikamrudia mara moja. "Huendi mahali," akasema. "Linda mpunga."

"Shangazi, utakufa hapa."

"Miye ni mtu mmoja! Watu mmoja mmoja wanakufa kila siku, wanazikwa, yanaliwa matanga. Mbegu hiyo ikifa, imekwisha kwa wote. Linda mpunga, weye mtoto!"

Nikamfunga kanga mgongoni mwangu kama anavyobebwa mtoto, nikashuka naye ngazi, naye ananipiga mabegani kwa ngumi zisizo na nguvu. Nikamlaza kwenye mtumbwi, nikapiga kafi. Nilikaa naye zahanati siku mbili, sindano zikamshusha homa, na siku ya tatu niliporudi dunguni niliona toka mbali kwamba vijiti vyetu vya alama vimelala. Nguruwe walikuwa wamepita, wamechimbua mpaka mizizi. Nilipiga magoti kwenye lile tope nikatafuta hata punje moja. Nilitafuta mpaka maji yakarudi kujaa.

Kama nilifanya vibaya kumchukua, sijui. Watu wengi nikiwauliza kwa mfano wanasema nilifanya vizuri. Yeye hakusema hivyo. Nilipomwambia, pale kitandani, aligeukia ukutani, akasema, "Ungelinda mpunga." Akaishi misimu miwili mingine hapa Kibiti, kwenye chumba unacholala wewe, anakula mchele wa dukani na kila mara anauacha nusu.

Ni katika misimu ile ndipo nilipoanza kuandika. Nilimwomba aniambie kila alichojua juu ya mpunga ili angalau maneno yabaki. Akasema kwa Kiswahili hawezi, Kiswahili ni cha kusalimia na kuuza, kulima amelima kwa Kindengereko. Basi nikaandika kwa Kindengereko, na kwa kuwa yeye alisoma chuo cha Kurani na alijua herufi za msahafu, nikaandika kwa herufi hizo ili aweze kunisahihisha. Alikuwa anapitisha kidole kwenye mstari, akifika nilipokosea anakigonga. Hakuwahi kunisifu. Alikuwa anagonga tu, nami nafuta na kuandika upya. Kuna daftari moja ambalo karatasi yake imetoboka mahali pa kidole chake.

Kituoni walinicheka. Walisema, lugha hiyo nani anaisoma, hata wenyewe hawaiandiki, na utafiti hauandikwi kwa lugha ya mafiga. Bwana Kasian peke yake hakucheka. Yeye alikuja ofisini kwangu akafunga mlango, akaniuliza, kwa ule upole wake, "Dada, vile vifundo havikuwa urembo, siyo?" Nikaitikia kwa kichwa kwamba havikuwa. Hakuniripoti, hakunikaripia. Alitoa lile daftari lake la safari, akakata ule mstari kwa kalamu nyekundu, akasahihisha. Mshamba niliyemcheka Nyamisati.

Hayo mengine unayajua. Nilizunguka miaka yote, toka Mohoro mpaka mwisho wa visiwa, nikaokota aina za mpunga ambazo hata wenyewe walikuwa wamezisahau. Wakanipa nishani, wakanipiga picha. Kila suke nililoletewa, nililipanda kwenye ndoo ya maji ya chumvi hapo uani, nikakaa nikalitazama kila asubuhi kabla ya chai. Umenicheka tangu utotoni kwa ndoo zangu. Yote yalikufa. Mengine yalichukua siku tano, mengine tisa. Hakuna lililofunikwa na bamvua na kesho yake likasimama. Na sasa bahari inapanda kila mwaka, mashamba ya pembeni yote yamekuwa jangwa jeupe, na ofisi zinaandika barua za kutafuta mpunga unaostahimili chumvi. Nikizisoma barua hizo nakwenda kulala.

Utaniuliza kama shangazi alinisamehe. Sijui. Sikumuuliza. Miezi ile yote tulikaa bega kwa bega, kidole chake na kalamu yangu, na kila siku nilisema leo nitamuuliza, na kila siku niliona haya. Mpaka asubuhi moja kidole hakikugonga. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha ujinga wangu, nikakosa mbegu, nikakosa na msamaha.

Sasa nisikilize, maana ndiyo hili nililotaka kukwambia. Ujinga si aibu, mwanangu. Kila mtu amezaliwa nao na wengi tutazikwa na mwingi wake. Kinachoangamiza ni jibu la haraka la mtu anayetazamwa kama mwenyeji. Mgeni akikosea watu humsahihisha, kwa sababu wanajua hajui. Wewe ukikosea watanyamaza, watadhani una sababu zako, watakupa na kilichofichwa kwenye kona ya uchaga. Basi ukiulizwa jambo la kwenu usilolijua, sema sijui, tena mbele za watu, halafu geuza shingo umuulize mama aliyesimama mlangoni. Na usikidharau kitu ambacho mwanamke maskini amejisumbua kukifanya kwa namna tatu wakati angeweza kukifanya kwa namna moja.

Vile vibuyu nimevifunika kwa mkeka wangu na hakuna aliyevigusa. Stoo haviendi. Kesho asubuhi utapanda bodaboda, utarudi navyo Mahege kwa yule mama, vikiwa vimezibwa vile vile, gunzi kwa gunzi, kitambaa kwa kitambaa, nta kwa nta. Utamwamkia, utakaa chini, utamuuliza hili ni la nini na hili ni la nini, na akijibu kwa Kindengereko usimkatize. Madaftari yangu nayo ni yako tangu leo, hata lile lililotoboka. Inawezekana kabisa akakwambia ni kuziba tu, anaziba kwa chochote. Hapo utakuwa umepoteza nauli, nami nitakurudishia.

Nenda basi, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe shingo nyepesi ya kugeuka na ulimi usioona haya kusema sijui. Akufikishe kwa yule mama akiwa hai na mwenye kumbukumbu, na akuepushie kukaa uani uzeeni ukitazama ndoo. Amina. Na ukirudi, hata kama ni usiku, niamshe uniambie alichosema.